Sahani ya Peke Yake: Utafiti wa Taiwan na Karatasi ya Homa ya Ini Iliyofika Wete

Mtoto wa ami yangu, mkaazi wa Wete, Pemba, alikwenda kuchangia damu baada ya jirani yake kujifungua kwa operesheni. Siku chache baadaye aliitwa, akapewa kipande cha karatasi kilichoandikwa "HBsAg", na mbele yake alama ya kujumlisha kwa wino wa buluu. Aliyempa alimwambia maneno mawili tu: damu yako haitufai, na una homa ya ini. Akarudi nyumbani karatasi imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati. Jioni ile ile mkewe akamtengea sahani yake, kijiko chake na kikombe chake. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, ambao wanaume wa nyumba ile hukusanyika barazani wakafuturu sinia moja, mkono kwa mkono. Yeye alikula peke yake, hatua mbili kutoka kwenye mkeka, mbele ya wanawe.

Nilifika Wete siku ya nne ya mambo hayo, na sahani nimeiona kwa macho yangu. Ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu uliobanduka, imewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Mkewe alifanya vile kwa khofu ya wanawe, naye anampenda mumewe. Lakini nilipomwona mwanamume mzima anamega tonge huku ameupa mkeka mgongo, nilijua karatasi ile imesomwa visivyo. Nyumbani ilisomwa kwamba atakufa karibuni na kwamba kila akigusacho kina maradhi. Kwa majirani wachache ikasomwa kwamba kumbe bwana huyu hunywa pombe kwa siri. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa pale. Na majibu yake yapo, yamechapishwa zamani, na waliyoyapata ni watu waliokaa miaka wakihesabu.

Mkorogo unaanzia kwenye jina. "Homa ya ini" tunaitumia kwa maradhi mengi yasiyofanana. Virusi vinavyojulikana zaidi kwa kulishambulia ini ni vitano, navyo vimepewa herufi A, B, C, D na E. A na E hupita mdomoni: maji machafu, chakula kilichoshikwa na mikono isiyooshwa baada ya choo. Hivi ndivyo ambavyo sahani na kikombe vina habari navyo. B na C njia yao kubwa ni damu. B hupita pia kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. D hakiwezi kuishi peke yake, hukaa kwa mtu mwenye B tu. Karatasi ya mtoto wa ami yangu ilikuwa ya B. Kwa hiyo mkewe alimkinga kila mtu na maradhi ambayo mumewe hakuwa nayo, na yale aliyokuwa nayo hayapiti kwenye sahani, wala kwenye sinia, wala kwa kupeana mikono na kukumbatiana.

Kuna mkorogo wa pili nao tuutoe njiani. Macho kuwa manjano ni dalili tu, na huletwa na mambo mengi, hata jiwe lililoziba mrija wa nyongo. Na "homa ya manjano" ni ugonjwa mwengine kabisa, unaoletwa na mbu. Chanjo yake ndiyo ile ya kadi ya njano wanayopewa wasafiri. Nimewasikia watu wazima wakisema "mimi nimeshachanjwa manjano" wakidhani ini lao limekingwa na kirusi B. Halikukingwa.

Sasa zile herufi. HBsAg ni ganda la nje la kirusi B. Aliyeligundua hakuwa akitafuta maradhi ya ini hata kidogo. Baruch Blumberg, Mmarekani, alikuwa akikusanya damu za watu wa mataifa mbalimbali aone protini zake zinavyotofautiana kwa urithi. Katika damu ya mwenyeji mmoja wa asili wa Australia aliona kitu kilichojibizana na damu ya mgonjwa wa Marekani aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi. Akakiita antijeni ya Australia, akachapisha habari zake yeye na wenzake mwaka 1965, bila kujua ni kitu gani hasa. Ilichukua miaka mengine miwili mitatu, na kazi ya watafiti wa nchi nyengine pia, mpaka ikathibitika kwamba kile kitu ni ganda la kirusi cha homa ya ini. Mwaka 1976 Blumberg akapewa Tuzo ya Nobel. Kipimo cha kidole kinachofanywa leo Wete au Mkoani kinatafuta kitu kile kile.

Kwa hiyo alama ile ya kujumlisha inasema neno moja: ganda la kirusi B limeonekana katika damu hii, leo. Haisemi liliingia lini. Haisemi kama ini limeumia, wala kiasi gani. Haisemi mwenye damu aliishije. Ndiyo maana huyu mtu hupimwa tena baada ya miezi sita: ganda likiwapo bado, maambukizi yamekuwa ya kudumu; likiwa limeondoka, mwili umemaliza kazi yake wenyewe.

Nani huondoka nalo na nani hubaki nalo? Hapa mambo yamekaa kinyume na tulivyozoea. Mtu mzima akiambukizwa kirusi B, pengine ataumwa, macho yatakuwa manjano, atachukia chakula kwa wiki kadhaa, kisha mwili wake utakishinda. Wanaobaki nacho maisha ni chini ya 5 kati ya 100. Mtoto mchanga akiambukizwa haumwi, hana homa, ananyonya na kunenepa kama wenzake, na karibu 90 kati ya 100 hubaki nacho. Aliyeumwa sana ndiye aliyepona, na asiyeonyesha kitu ndiye aliyekibeba.

Sababu ni kwamba kirusi B chenyewe hakilitafuni ini. Kinaingia ndani ya seli zake, kinazaliana humo, na seli inaendelea na shughuli zake. Kinacholiumiza ini ni kinga ya mwili inapokuja kuzivunja seli zilizokaliwa. Kinga ya mtu mzima inamtambua mgeni mlangoni na kumtoa kwa nguvu, ndiyo ile wiki ya macho ya manjano. Kinga ya mtoto mchanga bado inajifunza nani wa nyumba hii na nani si wa nyumba hii, na kirusi kikimkuta katika siku hizo hulelewa kama mtoto wa nyumbani. Miaka 20 au 30 baadaye kinga inazinduka na kuanza kumtoa aliyekwisha zoea nyumba. Vita hiyo huwa ndefu, hupoa na kuwaka, na kila inapowaka huacha makovu.

Na mwenye ini hasikii. Ndani ya ini hamna neva za maumivu. Kinachouma ni ngozi yake ya juu ikivutika. Ini pia lina nguvu za ajabu za kujijenga upya, hata likikatwa kipande kikubwa hukua tena. Kwa hiyo linafanya kazi likiwa nusu makovu na mwenyewe anapanda mnazi kama kawaida. Dalili huja mwishoni, na huja kwa vishindo. Aliyewahi kupita Darajani, sokoni Unguja, asubuhi ya sikukuu atanielewa. Damu yote itokayo tumboni na utumbo lazima ipite ndani ya ini kabla ya kurudi moyoni. Ini likijaa makovu, njia inaziba, na damu inafanya kama watu wafanyavyo njia kuu ikiziba: inaingia vichochoroni. Vichochoro hivyo ni vishipa vyembamba vya koo la chakula, havikujengwa kubeba msongamano ule. Hufura, na siku moja hupasuka, mtu akatapika damu usiku. Maji nayo yanajivuja tumboni, tumbo likawa kubwa na miguu ikavimba. Nimekulia katika mtaa ambao mtu akifika hapo huambiwa karogwa. Siwalaumu waliosema. Mtu aliyekuwa mzima jana, leo anatapika damu, na hakuna aliyemwona akiumwa hata siku moja katika miaka ishirini, wangesema nini?

Sasa twende Taiwan, kwa sababu kule ndiko alikotokea mtu aliyeiunganisha karatasi na tumbo kubwa kwa ushahidi usiopingika. Palmer Beasley, daktari wa Marekani, alihamia kisiwa kile mwaka 1972 akakaa miaka mingi. Wakati huo watafiti kadhaa walishaona kwamba wagonjwa wa saratani ya ini huwa na ganda la kirusi B katika damu zao. Lakini kipi kilitangulia? Huenda mwili uliokwisha dhoofishwa na saratani ndio unaopokea kirusi kwa wepesi. Ukimpima mgonjwa baada ya kuumwa huwezi kulijibu swali hilo, hata ukipima elfu. Unamkuta mtu amekaa kando ya moto, hujui aliuwasha au alikuja kuota.

Beasley, Lu-Yu Hwang na wenzao wakafanya jambo jepesi kulieleza na gumu kulifanya. Waliwapima watu wakiwa wazima, wakaandika majina, wakasubiri. Kuanzia mwishoni mwa 1975 mpaka katikati ya 1978 waliandikisha wanaume 22,707, watumishi wa serikali. Kuchagua watumishi wa serikali ilikuwa akili kubwa: hawa wana bima na kiinua mgongo, kwa hiyo akifariki mmoja wao kuna faili, kuna sababu ya kifo, hapotei hivi hivi. Kila mtafiti aliyejaribu kufuatilia watu kwa miaka anajua kwamba kazi inakufia pale watu wanapohama na kubadilisha namba za simu.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet la Uingereza mwaka 1981, na nataka tuyasome taratibu, kwa sababu ndani yake mna khofu na mna faraja, na zote mbili zimetoka katika jedwali moja.

Katika wanaume 22,707, wenye ganda la kirusi B walikuwa 3,454. Wasio nalo walikuwa 19,253. Kwa wastani wa miaka mitatu na kitu, saratani ya ini iliwapata watu 41. Kati ya hao 41, wenye ganda walikuwa 40. Arobaini! Kundi dogo limetoa wagonjwa 40, na kundi kubwa zaidi ya mara tano limetoa 1. Ukipiga hesabu ya uwiano unapata kwamba mwenye kirusi B alikuwa na hatari mara 223 ya asiye nacho. Katika elimu ya maradhi, uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu ndio mfano wa kila siku wa sababu kubwa, na hiyo huhesabiwa kwa makumi ya mara. Mia mbili ni kitu kisichozoeleka. Wakaangalia na vifo vyote vya muda huo: kwa wenye ganda walikufa 105, na zaidi ya nusu waliuawa na saratani ya ini au makovu ya ini. Kwa wasio nalo walikufa 202, na kwa maradhi hayo mawili walikuwa 3 tu. Swali la nani alitangulia likaisha, maana hawa walipimwa wakiwa wazima.

Hiyo "mara 223" ndiyo inayosafiri kwa simu na kumkosesha mtu usingizi. Mtoto wa ami yangu aliniuliza: basi mimi nina hatari mara mia mbili, nimebakisha nini? Nikamchorea jedwali nyuma ya kalenda. Rudi kwa wale 3,454. Waliopata saratani katika muda ule ni 40. Maana yake wenzao 3,414, watu wenye karatasi kama yako, hawakuipata. Ni kama mtu 1 katika 86. Mara 223 inalinganisha kundi na kundi. Haikwambii yapi yatakukuta wewe. Kitu kilicho adimu sana ukikizidisha mara mia mbili kinaweza kubaki kuwa cha wachache.

Sikumficha upande wa pili. Wale walifuatiliwa miaka mitatu na ushei, na mtu haishi miaka mitatu. Hatari inajilimbikiza mwaka baada ya mwaka, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima wenye maambukizi ya kudumu, 20 mpaka 30 katika 100 wataishia kupata makovu makubwa au saratani ya ini wasipohudumiwa. Walio wengi hawatafika huko. Lakini kwa kumtazama usoni huwezi kujua yeye ni wa kundi gani, na ini lenyewe halisemi, kwa hiyo hana budi kupimwa kila baada ya muda maisha yake yote. Aliposikia hivyo alinyamaza, kisha akaniuliza vipimo vyenyewe vinafanywa wapi. Nilifurahi kuliko ningefurahi kama angesema hana khofu tena.

Tusimsahau yule mmoja wa Taiwan aliyepata saratani bila ganda. Yeye anatukumbusha kwamba kirusi B si mlango pekee. Kuna kirusi C. Kuna pombe, nayo huharibu ini kweli. Lakini kwetu, ambako mnywaji hujificha, kila mwenye tumbo la maji hushukiwa. Nimeona familia ikakataa kumpeleka mzee wao hospitali kwa kuogopa maneno ya watu tu. Kuna mafuta yanayojaa kwenye ini la mwenye unene na sukari, na haya yanazidi kila pembe ya dunia. Na kuna sumukuvu.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Watafiti waliowafuatilia wanaume zaidi ya 18,000 wa Shanghai walichapisha mwaka 1994 hesabu inayostahili kukaa ukutani kila soko la nafaka. Aliyeonekana na dalili za sumukuvu peke yake mkojoni alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 ya yule asiye na sumukuvu wala kirusi B. Aliyekuwa na kirusi B peke yake, mara 7.3. Aliyekuwa na vyote viwili, mara 59.4. Huwezi kuipata 59 kwa kujumlisha tatu na saba. Viwili hivyo vikikutana vinasaidiana. Nchini kwetu sumukuvu ilijionyesha waziwazi mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walipougua na wengine 20 wakafa kwa mahindi yaliyoota ukungu. Unga mwingi tunaosonga Unguja na Pemba unavuka bahari kutoka bara, na karanga pia. Kuosha na kupika hakuimalizi sumu hii. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye uchungu, itupwe, hata kuku asipewe. Kwa mwenye karatasi kama ya mtoto wa ami yangu, kuchambua karanga ni dawa.

Je, ya Taiwan tuyachukue yote kama yalivyo? Hapana. Beasley huyo huyo, kabla ya utafiti wa watumishi, alionyesha jinsi akina mama wa Taiwan walivyowaambukiza watoto wakati wa kuzaliwa. Barani Afrika njia hiyo ipo, lakini kuna nyengine iliyoonekana na uzito mkubwa: mtoto kwa mtoto, katika miaka ya mwanzo, ndani ya nyumba na uchochoroni, kwa michubuko, vidonda na vyembe. Gambia ndiko ilikochunguzwa vizuri, na ndiko ulikoanza mwaka 1986 mpango wa kuwaandikisha watoto wachanga wasiopungua laki moja, karibu nusu yao wakachanjwa kirusi B, na kuwafuatilia mpaka ukubwani. Nchi ya Waislamu, wavuvi na wakulima wa karanga. Mimi huona Gambia inatufanana zaidi.

Kwa hiyo tukiacha kuogopa sahani, tuogope kile kinachostahili. Kirusi B kinaweza kukaa nje ya mwili, kwenye tone la damu lililokauka, siku 7 kikiwa bado kinaambukiza. Wembe mmoja unaonyoa vichwa vya watoto watatu mkesha wa sikukuu. Wembe wa chuku: mtu anaumikwa mgongoni, wembe unafutwa kwa pamba na kuwekwa kwenye kibweta mpaka mteja mwengine. Chale. Sindano ya kutobolea masikio. Kisu cha kutahiria kinachopita kutoka mtoto hadi mtoto. Mswaki wa pamoja wa ndugu wawili ambao fizi zao zinatoka damu. Sisemi hijama iachwe, wala jando liachwe. Wembe ni shilingi chache, kila mtu na wake, ukishatumika utupwe. Nyumba ile ya Wete ilitenga sahani, na wembe wa kunyolea ulikuwa mmoja, juu ya dirisha la choo, unatumiwa na baba na kijana wake wa miaka kumi na saba. Niliuona nikaenda kuutoa mwenyewe.

Jambo ambalo mimi hulirudia kila nikipata msikilizaji ni chanjo. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984. Mwaka 1997 Mei-Hwei Chang na wenzake walichapisha walichokiona: saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 mpaka 14 ilikuwa imeshuka kutoka 0.70 kwa kila watoto laki moja hadi 0.36. Nusu, katika muda wa kizazi kimoja tu. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kuonekana kwamba chanjo inaweza kuzuia saratani ya binadamu. Kwetu chanjo hiyo imo ndani ya sindano ya chanjo tano ambayo mtoto anachomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kila mama anayeshika kadi ya kliniki anaijua sindano ile, ingawa wengi hawakuambiwa kwamba mojawapo ya tano ni kinga ya saratani. Waliozaliwa kabla ya chanjo kuletwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaani mimi, mtoto wa ami yangu na wazee wetu, hatukuipata.

Lakini wiki ya sita inamkuta mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa amekwisha chelewa. Ndiyo sababu tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Utafiti wa kina Beasley wa mwaka 1983 ulikwisha onyesha faida yake kwa watoto wa mama wenye virusi vingi mno: bila kinga, karibu 9 kati ya 10 walibaki na kirusi, walipopewa sindano ya kingamwili, yaani askari wa kinga walio tayari, saa za mwanzo na chanjo ikafuata, ni kama 1 tu katika 20. Afrika ndiko yaliko maambukizi mapya mengi, 63 katika kila 100 ya dunia nzima kwa hesabu za mwaka 2022, na watoto waliopata dozi ya siku ya kuzaliwa katika kanda yetu walikuwa 18 katika 100. Mjamzito na aulize mapema, mimba ikiwa changa: nimepimwa kirusi B? Nikiwa nacho, mwanangu atachomwa nini, na saa ngapi? Mama mwenye virusi vingi anaweza kupewa dawa katika miezi ya mwisho ya mimba ili asimpitishie mtoto.

Dawa, ndiyo. Hili nalo lilikuwa geni kwa mtoto wa ami yangu, aliyekwisha letewa chupa mbili za mizizi. Kirusi B hakina dawa ya kukiondoa kabisa, kwa sababu huacha mbegu yake ndani ya kiini cha seli ya ini. Lakini kuna vidonge vya kukilaza, tenofovir ndiyo maarufu, kimoja kwa siku, na kirusi kikilala makovu hupungua kasi, hata hurudi nyuma, na hatari ya saratani hushuka. Si kila mwenye ganda anahitaji kuvianza leo. Daktari hutazama wingi wa virusi, vimeng'enya vya ini (ambavyo huvujia kwenye damu seli za ini zikivunjika), makovu, umri, na kama kuna saratani ya ini katika ukoo. Ile mizizi nilimwomba aiweke pembeni, si kwa dharau ya matabibu wetu. Kila kinachomezwa hupita kwenye ini, na ini lenye vita halistahili mzigo usiojulikana kipimo chake.

Alipimwa. Vimeng'enya vyake vilikuwa vya kawaida, altrasaundi haikuonyesha makovu wala uvimbe, virusi vichache. Akaambiwa arudi kila miezi sita, na mpaka sasa amerudi mara tatu. Wanawe wawili wadogo walikuwa na kadi zao za kliniki, chanjo zote tatu zimejazwa. Kijana wa miaka kumi na saba naye alikuwa salama, pamoja na ule wembe.

Mkewe ndiye aliyechelewa kupimwa. Aliogopa. Damu yake ilipelekwa Unguja, majibu yakaja baada ya siku kadhaa: ganda hakuna, kingamwili zipo, na zipo za aina ambayo chanjo haiwezi kuleta, huletwa na kirusi chenyewe tu. Ikabidi nimweleze kwamba kirusi B kilishawahi kumwingia, siku asiyoijua, pengine kabla hata hajaolewa, na mwili wake ukakishinda peke yake. Hakumbuki kuumwa. Aliishika karatasi muda mrefu, akaniuliza kama kuna ubaya mumewe akirudi kwenye sinia usiku ule. Nikamwambia hakukuwa na ubaya tangu siku ya kwanza.

Ile sahani ya bati nimeiona mara ya mwisho uani, chini ya mpera, imejazwa maji ya vifaranga.